Soko la Simu Limekua, Je, Wesha Imekua Nalo?

Wesha, Pemba.

Kila baada ya miezi mitatu hutangazwa hesabu ya simu katika nchi yetu, na kila ikitangazwa huwa imepanda. Mwisho wa mwaka 2024 laini za simu zilikuwa zimepita 86 milioni, na za kutumia intaneti zilifika kiasi cha 48 milioni. Wakubwa wazisoma hesabu hizi kwa furaha, na makampuni yazisoma kwa furaha zaidi. Sisi hatumwonei mtu choyo kwa furaha yake. Lakini mwananchi wa nchi inayojitawala ana haki ya kuuliza: kilichokua ni kitu gani, na kimekua kwa faida ya nani?

Tazameni jambo moja tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilitukuta Watanzania 61.7 milioni, wazee na watoto wachanga wote ndani yake. Basi laini zimewapita watu kwa zaidi ya 20 milioni! Je, kila mtoto wa Wesha anayenyonya ana laini yake? Hasha. Ni kwamba mtu mmoja hubeba laini mbili au tatu, maana mtandao wa kampuni hii wakamata dikoni na haukamati nyumbani, na wa kampuni ile wakamata nyumbani na haukamati shamba. Mtu huyu amenunua mara tatu ili ahudumiwe mara moja, na katika hesabu ya soko ameandikwa kuwa ni maendeleo matatu.

Ukubwa wa soko ni wingi wa vilivyouzwa. Si wingi wa watu waliohudumiwa. Mambo haya mawili hayana budi kutenganishwa, na hayo ndiyo tunayotaka kuyasema leo.

Hatutaki kusema uongo. Soko limefanya kazi. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea kusini. Waya ule uliwekwa kwa ajili ya madola na matajiri, wala haukuwekwa kwa ajili ya mchuma karafuu wa Pemba. Zaidi ya miaka mia baadaye, simu ilikuwa bado ni kitu cha ofisini na cha mwenye nafasi. Ndipo sheria za mwaka 1993 zikaitenga simu na posta, simu za mkononi zikaingia nchini, na mwaka 1999 Zanzibar ikapata kampuni iliyoitwa kwa jina lake, Zantel. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mwaka uliofuata ukafika wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano yetu na ulimwengu yalitegemea setilaiti, kwa bei ya kutisha. Leo mvuvi wa Wesha huuliza bei ya samaki kabla hajafunga chombo, na mtoto aliyeko Muscat humwona mamake uso kwa uso. Asiyeliona hili amefumba macho kwa makusudi.

Lakini fadhila haifuti deni.

Itazameni hiyo Zantel. Sehemu kubwa ya hisa zake ilikuwa mikononi mwa Etisalat ya Falme za Kiarabu. Mwaka 2015 Etisalat iliuza asilimia 85 kwa Millicom. Mwaka 2022 Millicom nayo iliuza biashara yake ya Tanzania kwa kundi linaloongozwa na Axian. Mwaka 2024 hata jina likafutwa, likaandikwa Yas. Hatusemi kwamba mnunuzi huyu ni mbaya au yule ni mwema, wala hatumchukii mgeni kwa ugeni wake. Twasema kwamba mara zote hizi mteja wa Wesha hakuulizwa neno. Aliamka asubuhi akakuta rangi mpya ukutani. Duka liliuzwa, na mteja akauzwa pamoja na duka.

Ndiyo maana hapana budi pawe na mkono mwingine wenye nguvu kuliko mkono wa muuzaji, nao ni mkono wa sheria. Katika Katiba ya mwaka 1977 posta na simu ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ni mamlaka ya Mpemba kama ilivyo ya mtu wa Mwanza. Liko na Baraza la watumiaji, kazi yake ni kusema kwa niaba ya wateja. Uko na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa sheria ya mwaka 2006, ambao makampuni huuchangia sehemu ya mapato yao ili simu ifike mahali ambapo mfanyabiashara peke yake asingependa kwenda, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Vyombo vipo. Tunavyotaka ni kuwa tuvione vikitufanyia kazi, na tujue pa kuvishika.

Sasa tuje kwenye bei. Karafuu zikienda kituoni hupimwa mbele ya mwenyewe, naye huutazama mshale wa mizani. Mchele hupimwa kwa kibaba au kwa kilo, na mchele usiopikwa leo hukutwa ndani ya kapu kesho. Bando je? Mnunuzi haoni mizani. Lililo jepesi kwa mkono wa mwenye pesa chache ni bando la siku, na bando la siku lina saa yake. Mvuvi hununua alfajiri, akatweka tanga, akaenda mbali ambako mnara haufiki. Akirudi saa imepita, na alichokilipia kimekwisha bila ya kutumika. Wenye mshahara hununua la mwezi wakapata nafuu. Maskini hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo ghali. Kipato cha mvuvi hufuata bamvu na maji mafu, na cha mkulima wa karafuu hufuata msimu. Bando halimngoji yeyote katika hawa. Mwezi wa Aprili 2021 bei za mabando zilipopanda ghafla, watu walipiga kelele nchi nzima, na Serikali ikasimamisha mpango ule mara moja. Hilo latufundisha kwamba bei ya bando haikushuka kutoka mbinguni. Imewekwa na watu, na watu waweza kuirekebisha.

Tena liko jambo ambalo Wesha yalijua kuliko wengi. Kabla ya mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitoka katika mitambo ya dizeli, na mitambo hiyo ilikuwa hapa hapa Wesha. Mwaka 2010 ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway, na kisiwa kikapumua. Lakini wenzetu wa Unguja walikuwa wamekwisha kuonja ubaya wa kutegemea waya mmoja. Mwaka 2008 walikaa gizani kiasi cha mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 wakakaa kiasi cha miezi mitatu. Mahoteli yalifungwa na maji hayakupandishwa. Dawa yake ilikuwa nini? Waya wa pili, uliozinduliwa mwaka 2013.

Katika intaneti nako tulionywa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu katika bahari ya kusini mwa Afrika, na nchi nyingi za Afrika Mashariki, yetu ikiwamo, zikapooza. Siku hizi pesa zenyewe zimo ndani ya simu. Mtandao ukikatika, mwenye duka hawezi kulipwa, na mgonjwa hawezi kutumiwa nauli ya kwenda hospitali ya Chake Chake. Miji mikubwa ikipata hitilafu hurekebishiwa mapema kwa sababu kelele zake husikika. Kisiwa huwa cha mwisho. Kwa hiyo njia ya pili ya mawasiliano si anasa kwa Pemba. Ni kama ngalawa kuwa na ndubi mbili. Hakuna fundi atakayekushauri uende bahari kuu na mmoja.

Basi twadai mambo matatu, na twayadai kwa adabu na kwa uwazi.

Kwanza, tuhesabiwe watu badala ya laini, na tuhesabiwe kwa shehia. Hesabu ya mkoa haitoshi. Mkoa wa Kusini Pemba una mji wa Chake, na una pia Kisiwa Panza na Makoongwe. Ukivichanganya katika tarakimu moja, mji utakificha kisiwa. Pemba ina watu zaidi ya 540,000. Twataka kujua wangapi kati yao wapata mtandao unaofaa kazi, na wapi hawaupati.

Pili, makampuni yauze kwa vipimo vinavyolingana na maisha ya wanunuzi. Alichokilipia mtu kiwe chake mpaka akitumie, na bei yake isiwe adhabu ya umaskini.

Tatu, kabla ya kujisifu kwa kasi mpya mijini, skuli na vituo vya afya vya visiwani vipatiwe njia ya uhakika, na ya pili ya kuiegemea. Mwanafunzi wa Wesha hufanya mtihani ule ule wa yule wa Dar es Salaam. Hakuna mtihani mwepesi uliotungwa kwa ajili ya wasio na mtandao.

Lakini haki haiji kwa kuitamani. Nasi tuna wajibu, khasa sisi wanachama. Malalamiko ya barazani huishia barazani, baada ya kahawa. Kila tawi liwe na daftari. Iandikwe siku ambayo mtandao ulikatika, saa zake, mahali, na jina la kampuni. Wazee wafundishwe kubonyeza *106# wajue laini zilizosajiliwa kwa majina yao, wasije wakabebeshwa dhambi za mtu mwingine. Daftari lipelekwe kwa Sheha, na nakala yake ipelekwe kwa Mwakilishi na Mbunge, na nyingine kwa Mamlaka yenyewe. Mkubwa aweza kuyapuuza maneno. Karatasi yenye tarehe humsumbua kuijibu.

Soko likue, nasi twalitakia heri. Lakini siku tutakayosema kwamba limekua kweli ni siku ile ambayo mtu wa Wesha atabeba laini moja tu, na hiyo moja ikamtosha.