BWANA SHAMBA ANAJIBU: Kasuku Anayejing'oa Manyoya Apewe Kazi



Msomaji wetu mmoja wa Mkuyuni ametuletea barua. Ana kasuku mwenye kichwa cha kahawia, aliyeachiwa na shemeji yake. Kasuku huyo hukaa tunduni mchana na usiku. Sasa amejing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi inaonekana. Majirani wanasema amerogwa. Mwenyewe anauliza ampe dawa gani.

Kwanza, ndugu yetu, mtazame kichwa. Kasuku hawezi kujing'oa manyoya ya kichwani, maana mdomo wake haufiki huko. Kama kichwa nacho kina upara, huenda ni ugonjwa, au kuna ndege mwenzake anayemdonoa. Kama kichwa ni kizima na kifua ni kitupu, basi anajing'oa mwenyewe. Hata hivyo bwana mifugo amwone, kwa sababu wadudu na magonjwa ya ngozi nayo huwasha. Akiwa hana ugonjwa, sababu kubwa huwa ni kwamba hana kazi.

Porini kasuku hakai bure. Huruka mbali kutafuta chakula. Hupasua mbegu ngumu, humenya matunda, hutafuna matawi. Ninyi mnaolima mtama na mahindi mnaujua mdomo huo. Sasa mtu amemfungia tunduni na kumwekea mtama kwenye kopo. Anamaliza kula upesi. Siku nzima iliyobaki afanye nini? Mdomo hautulii. Unageukia manyoya yake.

Kwa hiyo mpe vitu vya kuchezea. Msicheke. Kwa kasuku, kuchezea ni kuvunja, na kuvunja ndiyo kazi yake. Akikivunja kitu ulichompa, usimkasirikie. Tengeneza kingine. Wala huhitaji kwenda kununua mjini.

Chukua gunzi la mahindi lenye maganda yake makavu. Ficha karanga mbili au tatu katikati ya maganda, funga, kisha lining'inize tunduni. Atahangaika nalo muda mrefu kabla ya kuzipata. Kipande cha mwanzi chenye matundu kinafaa vilevile. Tia mbegu ndani, naye atazitoa moja moja. Kifuu cha nazi ni kizuri sana kwa sababu ni kigumu. Lakini tundu lake liwe dogo, kichwa kisiingie kabisa, au liwe kubwa, kichwa kiingie na kutoka bila shida. Tundu la kati ndilo linalonasa shingo.

Karanga ziwe safi. Zenye ukungu zina sumukuvu, nayo huharibu ini la ndege kama la binadamu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu huko Dodoma na Manyara. Karanga usiyoweza kumpa mtoto wako, usimpe kasuku.

Mpe pia matawi mabichi yenye magome. Mpera ni mzuri. Mwoshee kwanza, na usikate tawi katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Huko Mgeta kwenye mboga, dawa hupigwa mara nyingi, kwa hiyo uliza kabla ya kukata. Usimpe tawi la mparachichi, wala jani lake, wala tunda lake. Parachichi tunalokula sisi huweza kumwua kasuku. Usimpe mbarika, wala mnyaa, wala utupa ule wa kuvulia samaki.

Sasa kamba. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na mkoa wetu ni mmoja wa mikoa inayoulima. Kamba yake inafaa kuliko ya nailoni. Nailoni hukatika nyuzi nyembamba, zikajifunga kidoleni mpaka kidole kikafa. Lakini hata mkonge una hatari yake. Kata kamba fupi, isiweze kuzunguka shingo. Ikianza kuchakaa na kutoa nyuzi ndefu, itupe.

Hatari kubwa kuliko zote ni chuma na madini. Watu wengi hutengeneza tundu kwa waya mpya unaong'aa mweupe. Mng'ao huo ni zinki. Kasuku huubandua kwa mdomo na kuumeza. Baadaye anatapika, anaharisha, anadhoofika na kushindwa kusimama kwenye kijiti. Watu husema ni homa ya ndege, kumbe ni tundu lake. Kama tundu limekwisha tengenezwa, lisugue kwa brashi na siki, ulioshe kwa maji mengi na kulianika. Zinki iliyolegea itapungua, ingawa haitakwisha yote. Usimwekee misumari, betri za redio, vipande vya risasi, wala kopo lililokatwa lenye ncha.

Mwekee vitu viwili au vitatu tu kwa wakati mmoja. Kila wiki toa kimoja, weka kingine. Kasuku ni mwoga wa kitu kigeni. Kwa hiyo kitundike kwanza nje ya tundu, karibu naye, siku moja au mbili. Akianza kukichungulia, kiingize. Tundu lenyewe liwe pana kiasi cha kunyoosha mabawa yote mawili. Lisiwe jikoni, kwa sababu moshi huumiza mapafu yake haraka.

Manyoya huchukua wiki nyingi kuota tena. Aliyejing'oa kwa muda mrefu huenda yasiote yote.

Ndugu yetu wa Mkuyuni hakuuliza habari ya kibali, lakini mimi namwuliza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kukamata wala kufuga mnyama wa porini bila kibali. Kasuku yumo. Aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aeleze alivyompata. Asimfungulie tu aende zake, maana ndege asiye na manyoya ya kutosha atakufa kwa baridi au kuliwa na mwewe.

Na vijana mnaopanda miti kutoa makinda, acheni. Kasuku huzaa kwenye pango la mti mkubwa. Wengine hukata mti wote kwa ajili ya makinda mawili. Mwaka ujao wazazi hawana pa kutagia.

Mwisho wa barua ameuliza kama vitu vya kuchezea vitamfanya kasuku wake aseme maneno. Havitamfanya. Anayesifika kwa kusema ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa misitu ya Kongo. Huyu wetu hupiga kelele tu, na maneno yake, akiyapata, ni machache.