Utu wa Msichana Haumo Nyweleni

Miongoni mwa hadithi za Kijerumani zilizochapishwa mwaka 1812 na ndugu wawili wa ukoo wa Grimm, imo ile ya Rapunzel, msichana aliyefungiwa na mchawi juu ya mnara usio na mlango wala ngazi. Nywele zake zilikuwa ndefu hata mwana wa mfalme akazitumia kama kamba ya kupandia. Wengi walioisikia hadithi hii hukumbuka nywele tu, wakasahau mwisho wake. Mchawi alizikata nywele hizo, akamtupa msichana nyikani. Mwana wa mfalme naye alijirusha kutoka mnarani, akapofuka. Alitangatanga miaka kadhaa, hata siku moja akaisikia sauti aliyoizoea, akaifuata. Macho ya kuonea nywele hakuwa nayo, na nywele zenyewe hazikuwapo tena. Alimtambua mwenzake kwa sauti.

Hadithi hiyo yastahili kusimuliwa upya leo katika bonde la Kilombero, ambako mnara upo tayari. Jina lake ni dungu. Mpunga unapotoa masuke, jamaa nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huhamia mashambani, zikakaa katika madungu yaliyoinuliwa kwa nguzo juu ya matope, zikiamia ndege tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Mwenye kazi hiyo huhitaji macho makali, mikono ya kurusha mawe, na zaidi ya yote, sauti.

Basi katika hadithi ya leo, palikuwa na msichana wa Kidato cha Pili, kiongozi wa kundi la ngonjera shuleni kwake. Nywele zake zikaanza kunyonyoka, zikiacha mabaka laini ya mviringo kama sarafu. Akajifunga kitambaa. Siku moja wenzake wakakivuta, mmoja akapiga picha kwa simu, na kabla ya jua kutua picha ile ilikuwa imekwisha fika Mlimba na Mahenge, ikiwa na maneno ya kejeli chini yake. Msichana hakurudi shuleni. Alikwenda shambani kwa bibi yake, akapanda dunguni, na wazee wakafurahi kupata mlinzi wa mpunga. Katika daftari la mahudhurio liliandikwa neno moja: mtoro.

Huko dunguni alikuwa na simu ndogo. Kila jioni alitazama picha za wasichana wa mbali wenye nywele zinazofika kiunoni, akajilinganisha nao, akajiona si kitu. Hakujua kwamba nyingi za nywele hizo zilinunuliwa dukani, wala kwamba picha zenyewe zilikuwa zimerembwa kabla ya kuonyeshwa. Mchawi wa zamani alimfungia msichana kwa kuondoa ngazi. Mchawi wa leo humwachia ngazi, akamfanya aogope kushuka.

Ndipo mwalimu wake wa Kiswahili, akipita njiani magharibi wakati giza limeanza kuingia, akasikia sauti ikiwafukuza ndege. Hakumwona mtu, ila aliitambua sauti ile. Akasimama chini ya dungu, asiulize habari za nywele. Alisema tu kwamba ngonjera imekosa kiongozi. Baada ya siku chache msichana akashuka. Hadithi hii haisemi kwamba nywele zake ziliota tena, maana hilo silo lililomrudisha darasani.

Huu ni mfano tu, lakini maradhi yanayosimuliwa ni ya kweli, na mwalimu au mtumishi wa Serikali hana budi kuyatambua. Yako mapunye, yanayoletwa na kuvu na kuambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia na nyembe. Hayo hutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa majuma kadhaa, kwa kuwa dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Uko ugonjwa ambao madaktari huuita alopesia areata, ambapo kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Huo hauambukizi hata kidogo, mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na takriban watu 2 katika kila 100 hupatwa nao wakati fulani maishani. Yako pia madhara ya kusuka kwa kukaza mno: yakiwahiwa hupona, yakiachwa huacha makovu yasiyoota kitu. Tena baada ya homa kali nywele huweza kupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Hakuna hata moja kati ya haya linaloletwa na uchawi, wala na tabia mbaya ya mtoto.

Wapo watakaosema kuwa nywele ni jambo dogo mbele ya malaria, mafuriko na upungufu wa madawati. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikamiliki. Mtoto anayeacha shule kwa fedheha amepotea sawasawa na yule anayeiacha kwa homa, na kumrudisha huyu wa kwanza hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mtu mzima mmoja mwenye busara.

Historia ya nchi nayo ina funzo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 ukapiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kuchubua ngozi na mawigi. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika dhidi ya kasumba ya kuiga. Hata hivyo, kwa kutazama kichwa tu haikuwezekana kumtenga mwenye kuiga mitindo ya kigeni na mwenye kusitiri maradhi. Hatari hiyo ingalipo katika kila amri inayohukumu watu kwa sura.

Desturi ya shule nyingi za Serikali ya kuwataka wasichana wakate nywele ina faida zake: usafi, na usawa baina ya mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa mkulima. Lakini kwa mwenye mabaka, kichwa kilichonyolewa ni tangazo la ugonjwa wake mbele ya gwaride zima. Kumruhusu mwanafunzi wa namna hiyo ajifunike kitambaa hakuvunji nidhamu. Kunatimiza Ibara ya 12 ya Katiba, katika sura ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, inayotambua kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa utu wake.

Wajibu unaofuata ni wazi. Mwalimu aandikapo neno mtoro, aulize kwanza sababu. Wembe mmoja usipite vichwa viwili. Mzazi asikimbilie mafuta ya kuotesha nywele yanayonadiwa kwenye simu, bali ampeleke mtoto kwa wataalamu. Mji wa Ifakara, ambao utafiti wa afya umekuwapo tangu miaka ya 1950 na ambao una Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, haukosi watu wa kuuliza. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, wataalamu wa magonjwa ya ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1992. Nao vijana waelezwe bila kuficha kwamba kumtumia mtu ujumbe wa simu kwa nia ya kumtesa moyo si mzaha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza.

Mwezi Januari 2020 mbunge mmoja wa Marekani, Ayanna Pressley, aliwaonyesha wananchi kichwa chake kisicho na unywele hata mmoja, akaeleza maradhi yake, kisha akaendelea na kazi ya Bunge. Waliomchagua walikuwa wamemchagua kwa hoja zake. Hoja hizo hazikupukutika pamoja na nywele.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika bonde la Kilombero ndege hawafukuzwi kwa nywele ndefu. Hufukuzwa kwa sauti. Yupo pengine hivi sasa msichana dunguni ambaye sauti yake yasikika hadi barabarani. Kinachosubiriwa ni mpita njia wa kuitambua.