Kabla ya kumfukuza binti wa kazi

WATU wengi, kitu kikiharibika nyumbani, hutafuta kwanza wa kumlaumu. Mara nyingi lawama humwangukia asiye na mtetezi: binti wa kazi.

Katika nyumba moja ya Goba, mwezi Septemba, televisheni ilianza kuganda kila mchana, kisha ikaandika kwamba haipati mawimbi. Baada ya dakika chache picha ilirudi yenyewe. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akakata shauri: binti anachezea waya wa dishi.

"Mama, sijagusa kitu," binti alisema huku akilia. Akaambiwa afungashe, na gharama ya fundi ikatwe kwenye mshahara wake.

Fundi alipofika hakupanda hata juu ya bati. Aliuliza tatizo hutokea saa ngapi, akatazama dishi limeelekea wapi. "Mama, hilo ni Jua. Siku chache tu litaisha."

Ndivyo ilivyo. Mwezi Machi na Septemba, kwa siku chache, Jua hupita nyuma ya setilaiti ambayo dishi linaitazama. Jua halitoi mwanga na joto tu, hutoa pia mawimbi ya redio, nayo huyazidi nguvu mawimbi hafifu ya setilaiti.

Hata wakubwa waliwahi kukosea hapo. Februari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, rada za Uingereza zilijaa kelele. Wajerumani wakadhaniwa. Mtaalamu James Stanley Hey alipochunguza zinatoka upande gani, aligundua kuwa zinalifuata Jua, ambalo siku hizo lilikuwa na doa kubwa. Leo wataalamu hutumia mawimbi hayo kuchunguza korona, yaani hewa ya nje ya Jua yenye joto linalozidi nyuzi milioni moja, na kupima nguvu ya sumaku iliyo juu ya madoa yake.

Fundi na Hey waliuliza maswali yaleyale: saa ngapi, na upande gani? Mama hakuuliza hata moja.

Binti alirudisha nguo zake kabatini, na mshahara haukuguswa. Mama alimwomba radhi mbele ya watoto, maana mbele yao ndipo alipomwita mwongo. Hapo alifanya vema. Tuhuma ikitolewa hadharani, radhi nayo isinong'onwe jikoni.