Pikipiki, Kumbikumbi na Korongo wa Dandora

Mtu aliyezoea kuitazama Nairobi kupitia dirisha la basi aweza kudhani kwamba mji huu una majira mawili tu, la mvua na la jua. Waendesha pikipiki wa mitaa ya mashariki, tangu Kariobangi na Umoja hata Kayole, Njiru na Ruai, wanajua zaidi. Kwao kila majira huja na viumbe wake, na asiyewatambua viumbe hao hukawia kuitambua hatari.

Kazi hii ilianzia mpakani Busia, ambako katika miaka ya 1960 watu wa baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Na jina bodaboda lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo, na vijana wengi wakaingia kazini. Wengi wao hawana chombo chao wenyewe. Hulipa kila siku fungu la mwenye pikipiki, au la mkopo, mvua inyeshe isinyeshe. Ndiyo maana huonekana barabarani saa ambazo mtu mwenye hiari yake angekuwa kitandani.

Mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, ndio wakati mgumu kuliko wote. Vumbi na mafuta ya magari yaliyojilimbikiza juu ya lami tangu Januari hayaoshwi na manyunyu ya kwanza. Huloweshwa tu, na barabara ikawa kama iliyopakwa sabuni. Usiku uo huo kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu wakifuata mwanga. Huzizunguka taa za barabara ya Outer Ring, na taa ya pikipiki nayo ni mwaliko kwao. Mwendeshaji aliyekiinua kioo cha kofia yake kwa sababu ya ukungu wa pumzi hupigwa nao machoni. Sekunde moja ya kufumba macho si kitu kwa mtu aketiye barazani, lakini pikipiki iendayo kilometa 50 kwa saa huwa imekwisha kwenda karibu mita 14. Tena watoto hukimbilia taa zizo hizo na makopo yao, wakiokota kumbikumbi wa kukaanga, wala hawatazami nyuma. Mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kuufikia mwanga, kwani akisha kuingia ndani yake breki juu ya lami ile hazimfai sana.

Asubuhi yake huja walaji wengine. Mwewe hushuka kudaka mizoga ya panya iliyopondwa na magari, naye huruka upesi, hana taabu. Mwenye taabu ni korongo yule mkubwa wa upara, mwenye mfuko mwekundu shingoni, ambaye watu wa Dandora wamemzoea kama jirani. Jaa la taka la Dandora lilitangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa miaka mingi baadaye, na korongo hawakuona sababu ya kuhama. Ndege huyu husimama kimo cha mtoto wa shule, na mabawa yake hupita mita mbili toka ncha hata ncha. Kwa uzito wake haruki palepale. Huenda kwanza hatua kadhaa akiyakunjua. Basi anayempigia honi akiwa amekwisha mkaribia humfanya ayafungue mabawa hayo mbele ya uso wake. Honi ipigwe kwa mbali, na njia ipitwe nyuma ya ndege, si mbele ambako anaelekea.

Mvua zikizidi hutokea mdudu mdogo mwekundu na mweusi, ambaye Wazungu walimwita nzi wa Nairobi ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa. Alienea sana baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo mwilini, na hutoka akipondwa. Mwendeshaji anayengoja abiria usiku chini ya taa, akihisi kitu kikitambaa shingoni, hukipiga kofi kwa mazoea. Kesho yake ngozi inamwaka kama iliyomwagiwa maji ya moto, na akigusa jicho kwa mkono huo hawezi kuendesha kwa siku kadhaa. Fungu la mwenye pikipiki halisubiri jicho lipone. Mdudu huyo apulizwe, asipondwe; na akisha kupondwa, paoshwe mara moja kwa sabuni na maji.

Juni hata Agosti ni baridi, na vijana huvaa makoti mbele nyuma ili kuziba upepo kifuani. Hakuna zaidi la kusema juu ya miezi hiyo, ila kwamba mbwa wa Kayole hupenda kulala juu ya lami iliyohifadhi joto la mchana.

Kiangazi nacho kina ng'ombe. Katika ukame mrefu wa 2020 hata 2023, wafugaji waliwaingiza ng'ombe waliokonda mjini kutafuta majani ya kando ya barabara, na wanyama hao, kwa udhaifu, hawakuweza hata kushtuka wasikiapo honi. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, na mto Nairobi ukaingia majumbani. Katika njia za udongo mweusi za Njiru na Ruai tope lilijaa kati ya gurudumu na bati la kukinga matope hata gurudumu likakataa kuzunguka. Palipokatika maji mifereji, punda wa kukokota mikokoteni ya mitungi walifanya kazi tangu kabla ya alfajiri. Mikokoteni hiyo haina taa, na punda wengi ni wa rangi ya kijivu, rangi ya lami yenyewe. Kipande cha kitambaa cheupe kikifungwa nyuma ya mkokoteni huonekana kwa mbali, nacho hakina gharama kwa mwenye punda.