Wepesi wa Dakika Kumi

Kila inapotoka lugha mpya ya alama za kupangia maandishi, sifa yake ya kwanza huwa ileile: mtu anaijua kwa dakika kumi. Watunga programu, walimu na hata wahariri wameigeuza sifa hiyo kuwa kipimo. Ni kipimo kibovu, na hasara yake huwaangukia watu ambao hawakuwapo siku chombo kilipochaguliwa.

Imani hii ilienezwa na Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004. Kinyota kimoja kila upande, neno linalala. Viwili, linakuwa na herufi nzito. Kwa maelezo mafupi inatosha kabisa. Lakini Gruber hakuweka majedwali wala tanbihi, na maswali mengine aliyaacha wazi. Orodha iliyo ndani ya orodha isogezwe nafasi ngapi? Kila mtunga programu alijijibia, na faili lilelile likawa linatoa kurasa tofauti kulingana na programu inayolisoma.

Mwaka 2014 ikaja CommonMark kuleta sheria za pamoja za Markdown. Mwandishi mkuu wa sheria hizo ni John MacFarlane, profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye pia ndiye aliyeunda Pandoc, programu ya kugeuza maandishi kutoka muundo mmoja hadi mwingine. Kueleza tu jinsi ya kulaza neno na kulikoza kulihitaji kanuni 17. Kumi na saba, kwa kile kinyota cha dakika kumi! Ugumu ulikuwapo tangu mwanzo. Mwanafunzi tu ndiye aliyefichwa.

MacFarlane huyo huyo alitoa lugha nyingine ya alama, Djot, mwaka 2022, na lawama dhidi ya lugha hiyo zinaonyesha jinsi kipimo cha dakika kumi kilivyopinda. Wanaoilaumu wanasema inasumbua: orodha ya ndani lazima itanguliwe na mstari mtupu. Usumbufu huo una faida kubwa. Katika CommonMark, kistari kikiangukia mwanzo wa mstari katikati ya aya na kufuatwa na nafasi, aya inakatika na orodha inaanza bila mwandishi kukusudia. Katika Djot aya haikatizwi mpaka mstari mtupu ufike. Kistari cha chini hulaza, kinyota hukoza. Tanbihi na majedwali vimo ndani tangu mwanzo.

Ofisi inayotaka kuchagua chombo kwa kipimo bora ichukue ukurasa wake mgumu kuliko yote, wenye orodha ya ngazi tatu na tanbihi ya aya mbili, na impe mhariri ambaye hakuuandika aurekebishe.

Djot ina upungufu wa kweli. GitHub haiipangi kwenye skrini kama inavyoipanga Markdown, na kwa faili la kutambulisha mradi hiyo ni sababu tosha ya kuiacha. Kwa kitabu kinachopita mikononi mwa wahariri wanne, sababu hiyo haina nguvu: Pandoc inaisoma Djot na kuigeuza kuwa HTML au LaTeX.