Kusafisha meno: Hatari si damu bali kuacha dawa

Tangu majukumu ya afya yakabidhiwe serikali za kaunti mwaka wa 2013, mjadala kuhusu matibabu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera umetawaliwa na vifo vya akina mama wanaojifungua na uhaba wa wahudumu. Hayo ni masuala mazito. Hata hivyo, lipo kundi ambalo halisikiki sana: wagonjwa wa moyo, waliopata kiharusi na waliowahi kuwa na madonge ya damu kwenye mishipa ya miguu, ambao humeza dawa ya kuzuia damu kuganda, aghalabu wafarini, kila siku. Kwao, jambo linaloonekana dogo kama kusafishwa meno laweza kuwa suala la uhai na mauti.

Tatizo huanzia nyumbani. Mgonjwa anapoona mate mekundu kwenye mswaki, uwe wa dukani au wa mti ambao Wasomali huuita caday, huingiwa na hofu na kuacha kupiga mswaki. Ukoga hujikusanya, fizi huvimba, na damu anayoiogopa huzidi kutoka. Ikumbukwe kwamba uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulibainisha kuwa zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi nchini walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ni dhahiri basi kwamba chanzo cha damu hiyo mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, na dawa huongeza tu kiasi chake. Kuondoa ukoga, kwa hivyo, ni sehemu ya tiba.

Anapofika kwa tabibu wa meno, mgonjwa huyo aweza kuambiwa aache dawa kwa siku kadhaa kwanza. Ushauri huo una nia njema, lakini umepitwa na wakati. Mwongozo wa madaktari wa meno wa Scotland, uliotolewa mwaka wa 2015 na kurekebishwa mwaka wa 2022, unaeleza kwamba mgonjwa anayetumia wafarini aweza kusafishwa meno, na hata kung'olewa jino, bila kusitisha dawa, mradi kipimo cha INR kiwe chini ya 4. Kipimo hicho huonyesha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Asiyetumia dawa huwa na takriban 1, na wengi wanaotumia hulengwa kati ya 2 na 3.

Sababu ni rahisi kueleweka. Damu inayotoka kwenye fizi huonekana, nayo huzuilika kwa kukandamizwa na shashi au, ikibidi, kwa kushonwa. Donge linaloziba mshipa wa ubongo au kukwamisha vali bandia ya moyo halionekani, na halizuiliki kwa shashi.

Hapa ndipo masafa yanapoingia. Kipimo cha INR chapaswa kuchukuliwa saa 24 kabla ya huduma, au saa 72 kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Mji wa Mandera uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi kwa barabara. Mgonjwa anayepimwa mji mmoja na kutibiwa meno mji mwingine aweza kufika na jibu ambalo muda wake umekwisha. Septemba 2023 serikali ya kitaifa iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu. Kifaa cha kupima INR kwa tone la damu ya kidole kipo duniani, lakini hakimo mikobani humo.

Wapo wanaodai kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho zitamaliza tatizo. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwani Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2019. Lakini hazifai kwa wenye vali bandia za chuma. Aidha, utafiti wa INVICTUS wa mwaka wa 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 katika mataifa 24, ulionyesha kwamba kwa wenye moyo ulioathiriwa na homa ya baridi yabisi na unaopiga bila mpangilio, dawa za jamii ya wafarini ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Wafarini, basi, ingali nasi.

Hali ya usalama nayo imechangia. Baada ya mauaji ya Mandera mwishoni mwa 2014 na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, wataalamu wengi kutoka maeneo mengine ya nchi waliondoka. Asiyempata tabibu hukimbilia duka la dawa, na huko ndiko kwenye hatari isiyozungumzwa: ibuprofen na diclofenac za kutuliza maumivu, pamoja na metronidazole, huzidisha uwezekano wa anayetumia wafarini kuvuja damu. Parasitamo, kwa kipimo cha kawaida, ni salama zaidi.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na kaunti zinaendelea kupanga bajeti zao za afya. Kifaa cha INR katika kila hospitali yenye kiti cha meno, kadi inayoonyesha dawa na vipimo vya mgonjwa, na simu moja kutoka kwa tabibu wa meno kwenda kwa daktari wa moyo ni mambo yasiyohitaji jengo jipya. Yasipofanywa, mgonjwa wa Wajir au Mandera ataendelea kuchagua kati ya fizi zinazooza na dawa inayomweka hai, ilhali hakupaswa kuchagua kamwe.