Mashirika ya ndege yakiungana, rubani gani anakaa mbele?

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda Nyakato, iwe Buzuruga au Mecco, utakuta kuna zamu. Aliyefika kwanza anabeba abiria wa kwanza. Hakuna anayeuliza nani ana pikipiki mpya. Ukiruka zamu, utasikia maneno.

Sasa chukua vijiwe viwili vikubaliane kuungana. Cha kwanza kina watu waliokaa pale miaka kumi, ila siku hizi abiria wamepungua, wengine wanashinda wamekaa tu. Cha pili kimefunguliwa juzi jirani na stendi, na hela inaingia. Kwenye daftari jipya nani anaandikwa namba moja? Mwenye miaka mingi, au mwenye abiria?

Swali hilo limewagombanisha marubani wa ndege kwa miaka, hadi mahakamani. Na kwa kuwa hapa kwetu mashirika ya umma yanaunganishwa, si swali la marubani peke yao.

Namba yako ndiyo maisha yako

Watumishi wa umma wanaijua tange, ile orodha inayoonyesha nani ni mkongwe kuliko nani. Kwenye mashirika mengi makubwa ya ndege, hasa Marekani, tange ya marubani ni kila kitu. Siku unayoajiriwa unapewa namba. Namba hiyo inaamua utarusha ndege gani, utakaa kiti cha kushoto cha kapteni au cha kulia cha rubani msaidizi, utapangiwa kituo gani, na kama likizo yako itaangukia Krismasi au mwezi ambao hakuna anayeutaka. Kampuni ikiyumba na kupunguza watu, wanaanza kuondoka wa mkiani.

Na pesa iko humohumo. Chukulia shirika lenye ndege za aina zilizopo Air Tanzania: chini kuna Q400, zile tunazoziita pangaboi, juu kidogo Airbus A220, halafu Boeing 737 MAX, na kileleni 787 Dreamliner. Kwa kawaida ndege ikiwa kubwa, mshahara nao unakua. Panapotumika mfumo wa namba, unapanda ngazi kwa kusubiri walio mbele yako wahame au wafikishe miaka 65, kikomo cha kimataifa kwa marubani wa ndege za abiria.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Namba haihami. Kapteni wa miaka 20 akiacha kazi na kwenda shirika jingine lenye mfumo huu, anaanza mkiani kama kijana aliyetoka chuo. Ndiyo maana rubani akisikia neno "muungano" hawazi bei ya hisa. Anawaza namba yake itaangukia wapi.

Kuna njia kuu tatu za kuunganisha orodha mbili. Ya kwanza ni tarehe ya kuajiriwa: aliyeanza kazi mapema anakaa juu, basi. Ya pili ni uwiano: kama ulikuwa katikati ya orodha yenu, utakuwa katikati ya orodha mpya. Ya tatu ni ya kibabe, kuwaweka wote wa kampuni iliyonunuliwa chini ya wale wa kampuni iliyonunua.

Hiyo ya tatu ilitokea Marekani mwaka 2001, American Airlines ilipoichukua TWA. Wahudumu wa ndege wa TWA waliwekwa mkiani, na marubani wengi pia wakashushwa. Kazi zilipopungua baada ya Septemba 11, wakawa wa kwanza kutolewa. Kelele zilifika hadi Bunge la Marekani, na mwaka 2007 ikapita sheria inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki, na wasipoelewana waende kwa msuluhishi.

Kesi iliyodumu muongo mzima

Mfano wa kukaa nao ni US Airways na America West. Zimeungana Septemba 2005. US Airways, waliokuja kuitwa "Mashariki", walikuwa na marubani takriban 5,000. Wengi walikuwa na miaka mingi kazini, lakini kampuni yao ilikuwa imefilisika mara mbili ndani ya miaka michache na zaidi ya elfu moja walikuwa nyumbani bila kazi. America West, "Magharibi", walikuwa wachache, kama 1,800, wengi wao vijana, na kampuni yao ilikuwa inapumua vizuri kidogo.

Mashariki wakasema: tarehe ya kuajiriwa. Sisi tumetumikia zaidi. Magharibi wakajibu: miaka yenu mliitumikia kampuni iliyokuwa inakufa, bila sisi msingekuwa na kazi kabisa.

Ukiwasikiliza mmojammoja, kila upande una hoja. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Msuluhishi, George Nicolau, akatoa uamuzi Mei 2007. Marubani 517 wa juu wa Mashariki, kundi la wanaorusha ndege kubwa za masafa marefu, akawaweka kileleni. Waliokuwa nyumbani bila kazi akawaweka mkiani. Katikati akachanganya kwa uwiano. Matokeo yake, rubani wa Mashariki aliyehesabu miaka 17 tangu aajiriwe alijikuta chini ya rubani wa Magharibi aliyekuwa na miezi michache tu tangu aanze kazi. Mantiki ya Nicolau: mmoja alikuwa na kazi siku ya muungano, mwingine hakuwa nayo.

Mashariki wakachachamaa. Kwa kuwa walikuwa wengi, wakatumia kura. Mwaka 2008 wakaking'oa chama cha marubani kilichokuwa kinawawakilisha wote na kuingiza chama chao kipya, chenye sera ya tarehe ya kuajiriwa. Magharibi wakakimbilia mahakamani. Kesi ikapanda, ikashuka, ikarudi tena.

Cha ajabu, au tuseme cha kusikitisha, ni kilichotokea katikati ya ugomvi. Bila orodha moja hakukuwa na mkataba mmoja. Kwa miaka marubani wa kampuni moja, yenye rangi moja kwenye ndege, walifanya kazi kwa mikataba miwili. Mashariki wakabaki na mshahara uliokatwa enzi za ufilisi. Yaani waliokataa uamuzi ili kulinda namba zao ndio waliokosa nyongeza, mwaka baada ya mwaka. Kampuni haikuwa na haraka. Ingekuwa na haraka ya nini?

Ugomvi haukuisha hadi US Airways nayo ilipoungana na American Airlines, Desemba 2013. Orodha ya mwisho ya makundi yote matatu ilitoka Septemba 2016. Miaka 11. Rubani aliyekuwa na miaka 54 siku ya muungano wa kwanza alistaafu bila kuiona.

Si lazima iwe hivyo. Delta na Northwest ziliungana rasmi Oktoba 2008, na orodha moja ikatoka Desemba mwaka uleule. Tofauti kubwa ni kwamba Delta mkataba mmoja wa kazi na utaratibu wa kusuluhisha orodha vilikubaliwa mapema. Nicolau hakuwa mjinga na marubani wa Delta si malaika. Waliwahi tu.

Huku kwetu

Afrika Mashariki tuna historia ya kinyume: sisi tuligawana. East African Airways ilianza mwaka 1946, ikawa ya Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, makao yake Nairobi. Mwaka 1977 ikavunjika pamoja na Jumuiya. Kenya Airways ikaundwa Januari mwaka huo, Air Tanzania ikafuata Machi.

Mali ziligawanywa kwa mazungumzo marefu yaliyofikia makubaliano mwaka 1984. Lakini miaka ya kazi ya watu je? Kwa Watanzania waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya, reli, bandari, posta, ndege, madai ya mafao yaliwafikisha mahakamani, na makubaliano na Serikali yakaja mwaka 2005. Hata baada ya hapo wazee hao waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakisema hawajalipwa inavyostahili. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28.

Baadaye likaja wazo la kuungana. Novemba 2021 Kenya Airways na South African Airways walisaini mpango wa ushirikiano uliolenga kuzaa shirika la Afrika nzima ifikapo 2023. Mwaka 2023 ulipita bila shirika hilo. Zilikuwepo sababu nyingi, madeni yakiwa ya kwanza. Lakini hebu waza lingezaliwa: SAA ilikuwa imewafungia kazi marubani wa chama chao Desemba 2020 katika mvutano wa mkataba uliotokea miaka ya 1980, uliolinda ukongwe. Kenya, marubani waligoma Novemba 2022 na abiria kwa maelfu wakakwama. Unganisha tange za hao wawili! Sijaona wakubwa wakilizungumzia hilo hadharani kwa uzito waliozungumzia njia na ndege.

Na hapa ndani, Desemba 2023 Serikali ilitangaza kuunganisha mashirika na taasisi 16 na kufuta nne. TIC na EPZA tayari zimekuwa TISEZA. Kabla ya hapo, mwaka 2018, mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ilizaa PSSSF. Kila muungano wa namna hii una mhasibu mkuu wawili, mkuu wa rasilimali watu wawili, madereva wa pande mbili. Viti ni vilevile kimoja kimoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepanga kupunguza watu atoe taarifa na ashauriane nao, pamoja na namna ya kuwachagua wanaoondoka. Ndiyo mlango wa kuuliza tange itapangwaje. Pia kiinua mgongo cha kuachishwa ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10. Kwa hiyo mkataba mpya ukihesabu kazi yako kuanzia tarehe ya muungano, mwenye miaka tisa anakuwa na sifuri.

Afrika Kusini wana kifungu cha 197 cha sheria yao ya kazi: biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine, mfanyakazi anahama na mkataba wake na miaka yake. Kwa mtu aliyeko kazini Mwanza leo, anayesikia fununu kwamba ofisi yake itaunganishwa, pa kuanzia ni mkataba wa ajira na mkataba wa hali bora wa chama chake. Aangalie kama neno "mwendelezo wa ajira" limeandikwa popote. Kama halipo, wakati wa kulidai ni kabla nembo mpya haijabandikwa getini.